Kusanifu Lenzi ya Darubini na Kupima Picha Yake: Mwongozo kwa Fundi na Mwalimu wa Nyasho

Kwenye meza za wamachinga wa Nyasho, Musoma, miwani ya kusomea hupangwa kwa namba: +1.00, +1.50, +2.00 na kuendelea. Mnunuzi huvaa, husoma kikaratasi, na herufi zikikaa sawa analipa. Kwa kazi ya kusoma, jaribio hilo linatosha. Kwa darubini halitoshi, kwa sababu darubini huikuza picha ya lenzi mara ishirini au arobaini, na kila kasoro iliyojificha hukuzwa pamoja nayo.

Mwongozo huu unakuongoza kusanifu lenzi ya mbele ya darubini ya urefu wa mita moja kwa lenzi za kawaida za miwani, kisha kuipima ujue kwa namba picha yake ni kali kiasi gani. Umeandikwa kwa mwalimu wa fizikia anayefundisha vyombo vya mwanga, kwa fundi miwani anayetaka kupanua kazi yake, na kwa kijana yeyote wa Musoma, Bunda au Butiama mwenye rula, simu na subira. Msimamo wake ni mmoja: lenzi isiyopimwa haijasanifiwa, imebahatishwa tu.

1. Andika kazi ya lenzi kabla ya kuinunua

Kosa la kwanza la wengi ni kununua lenzi kubwa kuliko zote wakiamini ukubwa ndio ubora. Anza na karatasi. Andika unataka kuona nini, kikiwa umbali gani, na kwa undani upi.

Undani hupimwa kwa pembe. Digrii moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60 za pembe. Jicho zima lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban dakika moja. Kwa mtu aliyesimama ufukweni Makoko akitazama ziwani, dakika moja ya pembe kwenye umbali wa kilometa 5 ni karibu mita moja na nusu. Ndiyo maana mtumbwi anauona lakini wavuvi waliomo hawezi kuwahesabu. Darubini inayotenganisha sekunde 6 inashusha kiasi hicho hadi sentimita 15 hivi, na hapo hata makasia yanahesabika hewa ikiwa tulivu.

Basi andika lengo letu hivi: lenzi yenye fokasi ya mita 1, itenganishe sekunde 6 za pembe au chini yake, na taa nyeupe isizungukwe na ukungu wa zambarau unaosumbua macho.

2. Namba mbili zinazoamua kila kitu

Namba ya kwanza ni umbali wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale picha ya kitu cha mbali sana inapojikusanya. Namba iliyoandikwa kwenye miwani ni diopta, na fokasi kwa mita ni 1 kugawanya kwa diopta. Lenzi ya +1.00 ina fokasi ya mita 1. Ya +2.00 ina sentimita 50. Ya +4.00 ina sentimita 25.

Namba ya pili ni mwanya, yaani kipenyo cha tundu linaloruhusu mwanga kupita. Mwanya si lazima uwe sawa na ukubwa wa lenzi. Unaweza kuubana kwa karatasi nyeusi yenye tundu la duara, na karatasi hiyo ndiyo chombo rahisi na chenye nguvu kuliko vyote katika usanifu wa lenzi. Galileo alilijua hilo. Moja ya darubini zake zilizohifadhiwa Florence, Italia, ina lenzi ya mbele ya takriban milimita 37, lakini mwanya wake umebanwa hadi milimita 15 hivi. Alipoteza mwanga ili apate ukali wa picha.

3. Maadui watatu wa picha

Picha ya lenzi huharibiwa na mambo matatu, na kila moja huitikia mwanya kwa namna yake. Ukiuelewa uhusiano huu, umeshika nusu ya fani.

*Difraksheni.* Mwanga ni mawimbi, na wimbi likipita kwenye tundu hutawanyika kidogo ukingoni. Hata lenzi kamilifu haiwezi kuifanya nyota kuwa nukta isiyo na upana. Uwezo wa kutenganisha, kwa sekunde za pembe, ni takriban 138 kugawanya kwa mwanya kwa milimita. Mwanya wa milimita 25 unatoa sekunde 5.5. Adui huyu hupungua mwanya ukipanuliwa.

*Kasoro ya rangi.* Mwanga wa buluu hupindwa zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo kila rangi ina fokasi yake. Kiasi cha mtengano huo hutegemea malighafi ya lenzi, na hupimwa kwa namba ya Abbe, iliyopewa jina la Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani. Namba kubwa ni nzuri. Plastiki ya kawaida ya miwani iitwayo CR-39 ina namba ya Abbe ya 58. Polikaboneti, plastiki ngumu ya miwani ya watoto na ya usalama kazini, ina 30 tu. Gawanya fokasi kwa namba hiyo upate pengo kati ya fokasi ya buluu na ya nyekundu: kwa lenzi ya mita 1 ya CR-39 ni milimita 17, na kwa polikaboneti ni milimita 33. Ukungu wake huongezeka kwa kiasi kilekile mwanya unavyoongezeka.

*Kasoro ya umbo.* Miale inayopita karibu na ukingo wa lenzi haikutani pale inapokutana ile ya katikati. Adui huyu ni mkali kuliko wote, kwani mwanya ukiongezeka mara mbili ukungu wake huongezeka mara nane. Hapa lenzi ya miwani ina udhaifu wa pekee. Imebinuliwa kama ganda, nje mbinuko na ndani mbonyeo, ili jicho linapozunguka lione vizuri pande zote. Umbo hilo humfaa mvaa miwani, lakini huikosesha darubini ukali mwanya unapozidi.

Kazi ya msanifu ni kutafuta mwanya ambao hakuna adui hata mmoja kati ya hawa anayewazidi wenzake kupita kiasi.

4. Usanifu wa kwanza: lenzi moja

Chukua lenzi moja ya +1.00 na uibane kwa mwanya wa milimita 20. Difraksheni itakuwa sekunde 6.9. Kasoro ya umbo, hata kwa lenzi iliyobinuka, bado ni ndogo. Kasoro ya rangi ndiyo itakayotawala: ukungu wote, kutoka buluu hadi nyekundu, ni milimita 20 kugawanya kwa mara mbili ya 58, yaani milimita 0.17 kwenye fokasi. Kwa pembe ni kama sekunde 36.

Namba hiyo inatisha kuliko picha yenyewe, kwa sababu jicho huona zaidi kijani na manjano na huona kidogo buluu na nyekundu za mwisho. Utapata kiini kikali kilichozungukwa na ukungu hafifu wa zambarau. Milima ya mwezi na miezi minne mikubwa ya Mshtarii itaonekana. Kwa darasa linaloanza, jenga hii kwanza. Itakupa kipimo cha kulinganisha utakapojenga ya pili.

5. Usanifu wa pili: lenzi mbili zinazofuta rangi

Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi iliyounganishwa kwa vioo viwili vya aina tofauti. Siri yake ni kuoanisha lenzi mbinuko yenye namba kubwa ya Abbe na lenzi mbonyeo yenye namba ndogo. Ya pili inaurudisha nyuma mtengano wa rangi uliosababishwa na ya kwanza, bila kufuta nguvu yote ya kukusanya mwanga.

Kanuni yenyewe ni fupi. Gawanya nguvu ya kila lenzi kwa namba yake ya Abbe, kisha jumlisha. Jibu likikaribia sifuri, rangi zimekutana. Sasa tazama kinachotokea kwa lenzi za kawaida za duka la miwani:

- Lenzi ya CR-39 ya +2.00: 2 kugawanya kwa 58 ni 0.0345.
- Lenzi ya polikaboneti ya −1.00: −1 kugawanya kwa 30 ni −0.0333.
- Jumla: 0.0012. Nguvu ya pamoja: +1.00, yaani fokasi ya mita 1.

Lenzi moja ya +1.00 ya CR-39 ina 0.0172. Kwa hiyo jozi hii hupunguza kasoro ya rangi takriban mara kumi na tano. Pengo la milimita 17 linashuka hadi kama milimita 1.2. Ukiwa na mwanya wa milimita 25, picha huvumilia kusogea kwa jumla ya milimita 3.5 za fokasi bila jicho kugundua. Rangi sasa imo ndani ya uvumilivu huo.

Usishawishike kuufungua mwanya hadi milimita 50. Rangi imetulia, lakini kasoro ya umbo iko palepale. Hesabu ya lenzi za miwani zenye mbinuko wa kawaida inaonyesha kuwa picha hubaki karibu na ukamilifu hadi milimita 22 au 25 hivi, na ikifika milimita 40 huwa imeharibika vibaya. Anza na 25. Ukitaka zaidi, mwombe muuzaji akupe lenzi zenye uso wa mbele uliolala, na acha vipimo vya sehemu ya 9 viamue.

6. Kununua na kukagua

Nenda kwenye duka la miwani, si kwa mchuuzi, na uombe lenzi mbili zisizokatwa. Huja zikiwa duara la milimita 65 au 70, kila moja ndani ya bahasha iliyoandikwa nguvu yake na uwezo wake wa kupinda mwanga. CR-39 huandikwa 1.50 na polikaboneti 1.59. Ukikosa polikaboneti ya −1.00, agiza, usibadilishe na plastiki nyingine bila kuirudia hesabu.

Kagua mambo manne ukiwa bado dukani:

1. Lenzi iwe ya nguvu moja. Usichukue yenye dirisha la kusomea wala ile inayobadilika nguvu kutoka juu kwenda chini.
2. Isiwe na nguvu ya astigmatizimu. Tazama mstari wima wa fremu ya mlango kupitia katikati ya lenzi, kisha izungushe kama usukani. Mstari ukipinda kufuata mzunguko, irudishe.
3. Isiwe na mikwaruzo wala mawimbi. Ishike mbele ya taa ya mbali na uisogeze polepole; mwanga ukicheza kama juu ya maji, plastiki haikumiminwa vizuri.
4. Omba isomwe kwenye mashine ya kupimia nguvu ya lenzi. Viwango vya utengenezaji huruhusu tofauti ya takriban diopta 0.12, na katika jozi tofauti mbili zinaweza kujumlishana. Kwa hiyo usikate bomba kabla ya kupima fokasi mwenyewe.

Kwa lenzi ya jicho, tafuta ile ya darubini mbovu ya macho mawili, au lenzi ya fundi saa. Lenzi ya fundi saa iliyoandikwa 5x ina fokasi ya milimita 50, na ya 10x ina milimita 25. Ukuzaji wa darubini ni fokasi ya mbele kugawanya kwa fokasi ya jicho: mara 20 kwa ile ya kwanza, mara 40 kwa ya pili. Nunua zote mbili. Ya mara 20 ni ya kutazamia, ya mara 40 ni ya kupimia.

7. Kufunga

Bomba la plastiki la maji taka la inchi 3 linafaa. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, kwani mwanga unaoruka kwenye kuta huipausha picha hata kama lenzi ni nzuri. Weka +2.00 mbele, tumbo lake likitazama nje. Nyuma yake weka −1.00, tumbo lake likiingia kwenye mbonyeo wa ile ya kwanza, na katikati yao pete nyembamba ya karatasi ili zisikwaruzane. Funga pete ya mwanya mbele, tundu likiwa katikati kabisa.

Lenzi zikae, zisibanwe. Pete ikikaza mno, plastiki hupinda na nyota hugeuka pembetatu. Acha nafasi ndogo unayoweza kuisikia ukitikisa bomba karibu na sikio.

Upande wa jicho, tumia bomba jembamba linaloteleza ndani ya kubwa. Liwe na nafasi ya kusogea sentimita 5 au zaidi, kwa sababu picha ya kitu kilicho mita 100 hujikusanya milimita 10 nyuma ya picha ya nyota, na ya kitu kilicho mita 30 kama milimita 34 nyuma yake. Darubini isiyo na mguu imara haipimiki. Tengeneza mguu wa mbao kabla ya kuendelea.

8. Tahadhari ya jua

Usielekeze darubini hii kwenye jua, hata kwa nusu sekunde, hata jua likiwa linazama ziwani. Mwanga uliokusanywa huunguza sehemu ya nyuma ya jicho bila maumivu, na haiponi. Miwani ya jua, filamu za eksirei na vioo vilivyopakwa masizi si kinga. Wakati wa kupatwa kwa jua kipete tarehe 1 Septemba 2016, kulikoonekana vizuri Rujewa mkoani Mbeya, watazamaji walihimizwa kutumia vichujio maalumu vya jua. Kwa darubini, kichujio cha namna hiyo hufungwa mbele ya lenzi ya mbele, si kwenye jicho. Kama huna, kazi zako zote zifanye usiku au ukiwa umelipa jua mgongo. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana.

9. Kupima

*Hatua ya kwanza: fokasi.* Ndani ya chumba chenye giza na dirisha moja wazi, shika jozi ya lenzi ikitazama mti ulio mbali na upokee picha yake kwenye karatasi nyeupe. Pima umbali wa lenzi hadi karatasi. Mti ukiwa mita 200, kipimo kitazidi fokasi ya kweli kwa milimita 5, punguza. Rudia mara kadhaa na uandike wastani.

*Hatua ya pili: nukta.* Lenzi hujulikana kwa namna inavyochora nukta moja ya mwanga. Musoma ina bahati ya kuwa na nukta nyingi: taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza hupangana ziwani, na taa ya sentimita 10 iliyo kilometa 5 ina upana wa sekunde 4 tu. Fuata kalenda ya wavuvi, kwa kuwa mbalamwezi ikishika hawatoki, na wewe pia hutapata giza la kutosha. Taa nyeupe za LED, ambazo mahali pengi zimechukua nafasi ya karabai, ni kipimo kizuri cha rangi kwa sababu zina buluu nyingi. Jozi iliyosanifiwa sawasawa haitakuonyesha pete ya zambarau iliyo dhahiri. Lenzi moja itakuonyesha.

Mtumbwi hata hivyo huyumba. Kwa nukta tulivu, omba gololi ya beringi kwa fundi baiskeli, yenye kipenyo kama cha milimita 6. Ibandike juu ya kitambaa cheusi, jua la asubuhi liipige, nawe simama mita 30 ukiwa umelipa jua mgongo. Taswira ya jua ndani ya gololi ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa umbali huo ni nukta safi kabisa, na si kali kiasi cha kudhuru jicho.

Tumia ukuzaji wa mara 40. Tafuta fokasi, kisha sogeza lenzi ya jicho ndani kidogo, halafu nje kidogo kwa kiasi kilekile. Linganisha miduara unayoiona:

- Miduara sawa pande zote mbili, yenye pete zinazofanana: lenzi ni nzuri.
- Upande mmoja pete kali ya nje, upande mwingine ukungu: kasoro ya umbo. Bana mwanya kwa milimita 3 na urudie, au geuza lenzi moja na ulinganishe.
- Yai lililolala upande mmoja, lililosimama upande mwingine: astigmatizimu. Zungusha kichwa chako. Yai likizunguka nawe, kasoro ni ya jicho lako. Lisipozunguka, ni ya lenzi.
- Mkia kama wa kimondo: lenzi imekaa upande au imeinama. Rekebisha kiti chake.
- Pembetatu: lenzi imebanwa. Legeza.

*Hatua ya tatu: mistari.* Chapisha karatasi yenye mafungu matatu ya mistari, nyeusi na nyeupe zenye upana sawa. Fungu la kwanza liwe na jozi moja ya nyeusi na nyeupe kila milimita 8.8, la pili kila milimita 4.4, la tatu kila milimita 3. Ongeza mraba mkubwa mweusi kando ya mraba mkubwa mweupe. Bandika kwenye nguzo ya goli na upime mita 100 kwa futi ya utepe. Viwanja vingi vya mpira vina urefu wa kiasi hicho. Fanya kazi alfajiri, kabla ardhi na mabati hayajapata joto. Mchana hewa inayopanda hutikisa picha, na utailaumu lenzi kwa kosa la hewa.

Kwa mwanya wa milimita 25, mipaka ya mwanga yenyewe inakataza kuona mistari iliyo chini ya milimita 2.2 kwa umbali huo. Fungu la milimita 3 likionekana kwa kufifia tu, lenzi yako imekaribia mpaka wa kinadharia.

*Hatua ya nne: kontrasti kwa simu.* Kusema mistari inaonekana ni jambo moja, na kusema inaonekana kwa nguvu gani ni jambo jingine. Watengenezaji wakubwa wa lenzi za kamera huhukumu kwa swali hilo la pili. Funga simu nyuma ya lenzi ya jicho, funga fokasi na mwangaza visibadilike, piga picha ya karatasi, kisha uifungue kwenye kompyuta kwa programu ya bure ya ImageJ. Chora mstari unaokata mistari nyeusi na nyeupe na usome namba za mwangaza. Kontrasti ni tofauti ya weupe na weusi kugawanya kwa jumla yake.

Mfano wa hesabu: kwenye miraba mikubwa weupe ni 200 na weusi 40, basi kontrasti ni 160 kugawanya kwa 240, yaani 0.67. Kwenye fungu la milimita 4.4 weupe ni 130 na weusi 85, basi ni 45 kugawanya kwa 215, yaani 0.21. Gawanya 0.21 kwa 0.67 upate 0.31. Hiyo ndiyo sehemu ya kontrasti iliyosalimika.

Linganisha na lenzi kamilifu ya mwanya wa milimita 25 kwa umbali wa mita 100:

- Milimita 8.8: 0.81
- Milimita 4.4: 0.50
- Milimita 3: 0.20

Katika mfano wetu 0.31 ni kama asilimia 62 ya 0.50, matokeo ya kujivunia kwa lenzi za miwani. Simu hurekebisha mwangaza kwa namna yake, kwa hiyo zitumie namba hizi kulinganisha lenzi na lenzi au mwanya na mwanya kwa simu ileile na mipangilio ileile. Pima mwanya wa 15, 20, 25, 30 na 35, kisha chora grafu ya kontrasti kwa kila mwanya. Kilele cha grafu ndicho mwanya wa lenzi yako, hata kama kinapingana na hesabu ya karatasi.

*Hatua ya tano: nyota pacha.* Musoma iko karibu digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo anga la kaskazini na la kusini yote ni yako. Katikati ya Juni, saa mbili usiku, elekea kaskazini utafute Mizar katika mkia wa Dubu Mkubwa, kisha geuka kusini utafute Acrux, nyota ya chini kabisa ya Msalaba wa Kusini. Zote ni nyota pacha. Za Mizar zimeachana kwa sekunde 14, za Acrux kwa sekunde 4 hivi.

Darubini yako ya milimita 25 lazima itenganishe Mizar. Ikishindwa kwa ukuzaji wa mara 40 katika usiku mtulivu, rudi hatua ya pili. Acrux haitatenganika, na hilo si kosa la lenzi, kwani mwanya huo haufiki sekunde 4. Kujua mpaka wa chombo chako ni sehemu ya kukipima. Kama umepata lenzi zenye uso uliolala na grafu yako inaruhusu milimita 35, hapo Acrux inakuwa mtihani wa haki.

10. Kutoka Nyasho kwenda mbele

Maarifa haya yana watu wake nchini. Dk. Noorali Jiwaji, mwanafizikia aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ametumia miaka mingi kuwafundisha Watanzania kuitazama anga. Dar es Salaam, wahandisi wa Bongo Tech na STICLab walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza na Taasisi ya Afya Ifakara katika kuunda OpenFlexure, hadubini inayochapishwa kwa mashine ya uchapaji wa plastiki na kutumika katika utafiti wa malaria. Ripoti yake ya kisayansi ilitoka mwaka 2020. Michoro yake iko wazi kwa yeyote, na kanuni za kuihukumu picha yake ni hizi ulizozisoma: nukta, ukingo wa weusi na weupe, na kontrasti.

Mkoa wa Mara unahitaji jicho la namna hiyo. Kichocho kiko katika maji ya ziwa letu, na yai la mdudu wake lina urefu wa takriban sehemu moja ya saba ya milimita. Hadubini nyepesi iliyopimwa vizuri hulionyesha. Anayejifunza leo kwa nini mwanya hubanwa, kesho ataweza kukarabati hadubini ya zahanati badala ya kungoja fundi wa mbali.

Kwa hiyo, mwalimu, fundi, kijana: ukimaliza darubini yako, bandika ubavuni mwake karatasi yenye fokasi uliyoipima, mwanya ulioamuliwa na grafu, kontrasti ya mafungu matatu na tarehe ya kipimo. Chombo chenye karatasi hiyo kinaweza kukosolewa, kurekebishwa na kuboreshwa na mtu mwingine. Usimkabidhi mtu lenzi bila namba zake.